Mkaa wa Nguzo ya Kumi na Tisa

Mume wangu hajawahi kujenga ukuta uliopinda. Hilo nitalisema mbele ya yeyote, na asiyeamini apite mtaani kwetu na timazi lake apime mwenyewe. Ndiyo maana watu walimwita Fundi Timazi tangu ujana, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Akiingia nyumba ya watu kwa harusi au kwa msiba, kabla hajakaa, jicho lake limeshapanda kwenye kona ya dari. Kona ikiwa imekwenda kombo, siku hiyo hali akashiba. Nimeshamfinya paja misibani mara nyingi kwa tabia hiyo.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesimamisha kitu kimoja mahali pasipo pake, akakiacha hapo miaka thelathini na minane, mpaka nchi mbili zikaelekezeana bunduki kwa sababu yake. Na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nalitanguliza hili usije ukadhani nasimulia makosa ya mtu mwingine huku mimi nimekaa pembeni nakunywa chai.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita, nami nilikuwa mchumba wake. Nchi yetu na nchi jirani zilikuwa zimenuniana miaka mitano, kwa sababu ambazo hata walionuniana walishazisahau. Mpaka ulifungwa. Shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo alizikwa bila hata mmoja wetu kufika. Kisha siku moja wakubwa wakapatana, redio ikaanza kupiga nyimbo za udugu asubuhi, mchana na jioni. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Wakubwa wetu walikimbilia kikapu hata mbegu hazijaota. Iliamuliwa mpaka uwekewe nguzo mpya za zege, ishirini na tatu, na mbele ya ile ya kumi na tisa marais wawili wapeane mikono wapigwe picha. Tarehe ya picha ilipangwa kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Kikosi cha kazi kilikuwa na wapima ardhi wawili, mmoja wetu na mmoja wao, vibarua wa pande zote, na fundi mwashi mmoja tu. Huyo mmoja alikuwa wangu.

Kazi ya nguzo za mpaka ina desturi yake, na heri niieleze sasa, maana mengine yote yanategemea hapo. Mpima akishapata nukta, fundi huchimba shimo la kufika kifuani. Chini kabisa humwaga debe la mkaa, na juu ya mkaa huo huweka chupa, mdomo chini. Halafu hufukia udongo na mawe, ndipo nguzo husimama juu yake. Sababu ni kwamba nguzo inaweza kung'olewa na mtu mbaya ikahamishwa. Chupa yaweza kupasuka. Lakini mkaa hauozi. Mchwa hawauli, mvua haiuyeyushi. Hata miaka mia ikipita, ukichimba ukakuta duara jeusi ndani ya udongo mwekundu, ujue hapo ndipo watu walipokubaliana.

Mkataba ulisema nguzo ya kumi na tisa ikae juu ya kilima chenye mawe mawili makubwa. Kikosi kilipanda hadi huko, wapima wote wawili wakapiga hesabu zao, kila mmoja na daftari lake, wakafika kwenye nukta ileile na kushikana mikono kwa furaha. Timazi akachimba. Akamwaga mkaa. Chupa ikakosekana, kwa kuwa zilizoletwa zilivunjikia njiani, ikabidi mpima wa kwao anywe dawa yake yote ya kikohozi kwa mkupuo mmoja ili chupa ipatikane. Walicheka sana siku hiyo. Mume wangu husema hajawahi kufanya kazi na watu waliopendana vile. Kisha wakafukia, wakashuka kuchukua saruji.

Saruji haikuja. Mvua ilikuwa imenyesha, korongo likajaa, na lori likakwama ng'ambo yake, upande wa barabarani, siku mbili. Ikabaki siku moja kabla ya sherehe. Ndipo alipofika mkubwa kutoka wizara ya mambo ya nje, na viatu vyake vinavyong'aa, hataki kukanyaga tope. Alitazama kilima kule mbali, akatazama saa, akaelekeza gazeti lake lililokunjwa kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya barabara.

"Wekeni pale."

Mpima wetu alimwambia, "Mheshimiwa, kutoka hapa hadi kwenye nukta ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Tutakuwa tumekata kipande kizima cha nchi."

"Kipande cha nini? Hilo ni pori tupu. Sisi ni ndugu sasa, na ndugu hawapimiani. Tutarekebisha baadaye."

Mpima wa kwao aliinamisha macho. Nchi yake ilikuwa inaongezewa ardhi bila kuomba, na ni nani humkimbilia mgeni aliyesahau mzigo wake sebuleni? Mume wangu naye akachanganya zege. Nguzo ile ilisimama wima kama alivyozoea, imenyooka pande zote nne. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba chini yake hapakuwa na kitu.

Marais walipigwa picha. Wapima, kwa kuwa walikuwa watu waaminifu, waliandika kwenye ramani ile nukta ya kweli ya kilimani, wakiamini nguzo itahamishiwa huko wiki ijayo. Kwa hiyo ramani ikasema kilimani, na nguzo ikasema barabarani. Aliyesema atarekebisha alipanda cheo, akapelekwa ubalozi wa mbali, akazeeka vizuri.

Wiki moja baada ya harusi yetu, Timazi aliniambia yote. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani langu, yeye amesimama mlangoni anajikuna vumbi la saruji kwenye viganja. Alisema anataka kuandika barua.

"Umwandikie nani?" nikamuuliza.

"Wizara."

"Uwaambie nini? Kwamba mwashi amegundua wizara imekosea?"

"Mimi ndiye niliyeisimamisha ile nguzo. Shimo liko kule juu, limejazwa, halafu hakuna kitu juu yake. Ni kama kaburi lisilo na jina."

"Basi liache lilale," nikamwambia. "Wewe ni fundi. Walioamuru wana magari na madereva. Unataka nianze ujane hata mapazia ya harusi sijayafunga?"

Siku zile watu waliowasahihisha wakubwa walisahihishwa wao. Kwa hiyo sitasema nilikosea kuogopa. Nasema tu kwamba niliogopa, nikamfunga mdomo, na woga ulipoisha sikumfungua.

Alinyamaza, lakini hakutulia. Kila msingi aliochimba mjini, alimwaga chini yake konzi ya mkaa, mwenye nyumba asijue. Niliuona mfuko wa mkaa kwenye kikapu chake cha mwiko na pima maji, nikajifanya sijauona. Kuna wakati alikuwa anakula, anasimamisha mkono katikati ya sahani na mdomo, anasikiliza. Nikimuuliza anasikiliza nini, anajibu, "Hakuna." Watoto walizoea. Walisema Baba amekwenda kazini, ilhali amekaa nao mezani. Mimi nilijua amekwenda wapi. Kuna shimo nimekaa nalo nyumba moja miaka yote hii, nami sijawahi hata kulitia machoni.

Na lile pori tupu halikubaki tupu. Watu wa nchi jirani walisogea, familia mbili, kumi, hamsini. Walikuta nguzo imesimama kule barabarani, kwa hiyo walipokuwa huku nyuma yake walijua wako kwao. Wangejuaje vingine? Wakalima, wakajenga shule na zahanati, wakazaa watoto na kuzika wazee. Miaka thelathini ni mingi kwa pori.

Tulikuwa na watoto watatu. Wavulana wawili walikwenda mbali kikazi, akabaki kitinda mimba wetu, msichana mwenye mdomo kama wangu na mikono kama ya baba yake. Huyo ndiye aliyekwenda kumpenda kijana mwenye mashine ya kusaga nafaka, wa kijiji kile cha nyuma ya nguzo. Wazee wa upande wa kijana walipokuja kujitambulisha, wakataja wanakotoka, mume wangu aliuliza swali moja tu:

"Upande upi wa nguzo?"

Wakacheka wote, wakidhani ni utani wa fundi. Mkwe wetu mtarajiwa akajibu, "Wa ndani kabisa, Baba. Kwetu nguzo tunaiona kwa mbali tu."

Timazi alinyanyuka akanifuata jikoni. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Tuwaambie," akasema.

"Tuwaambie nini? Mtoto amependa. Unataka nikamwambie asipende kwa sababu ya debe la mkaa?"

"Nyumba yake itakuwa..."

"Nyumba yake itakuwa na mume mzuri ndani. Umesikia mtu yeyote anaulizia nguzo hiyo tangu tuoane? Rudi ukakae na wageni."

Alirudi akakaa na wageni. Na baada ya harusi akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui ilikuwa ni mapenzi au ni kujitesa. Alibeba vifaa vyake akavuka mpaka, akamjengea binti yetu nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Alikaa huko miezi minne. Nilikwenda kuwatembelea siku ya msingi. Binti yetu alikuwa anabeba maji ya kuchanganyia zege, amejifunga kanga kiunoni, anamtania baba yake anavyozunguka zunguka na kamba bila kuamua.

"Baba, chimba popote. Hapa pote ni kwetu."

Akachimba.

Ile nyumba ni nzuri kuliko yetu. Madirisha yanakaa kwenye fremu zake bila kulazimishwa, na milango inafungwa kwa kidole kimoja. Wajukuu wawili walizaliwa ndani yake.

Halafu ikaja serikali mpya kwetu, na kama ilivyo kawaida ya serikali ambayo bei zimeishinda, ikatafuta kitu cha kupigia kelele. Ikafungua makabati, ikaikuta ramani. Redio iliyowahi kutupigia nyimbo za udugu sasa ikasema ardhi yetu imeporwa. Wenzetu wakatoa picha: hawa hapa marais wote wawili, hii hapa nguzo, na rais wenu anacheka. Kila upande ulikuwa na ushahidi, na kila upande ulisema kweli yake. Wanajeshi wakaja barabarani, wa kwetu huku, wa kwao kule, nguzo katikati. Mpaka ukafungwa tena. Mchungaji mmoja aliyekuwa anafukuza ndama alipigwa risasi mchana kweupe, na hadi leo haijulikani na upande upi. Watu husema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Wanaopenda kusema hivyo hawajawahi kuwa nyasi.

Binti yetu alikuwa akipiga simu kila siku. Mwanzoni alitania. Alisema wanajeshi wa kwao wanaleta mahindi kusagisha na hawajui kupanga foleni. Baadaye utani ukaisha. Alisema mtoto wake mdogo, akisikia mlango umebamizwa, anaingia chini ya meza mwenyewe bila kuambiwa.

Ndipo akaja mwanasheria wa wizara. Alikuwa dada wa miaka kama thelathini, amevaa viatu vya kutembelea, ana daftari na adabu. Alituamkia vizuri, akakataa kukaa mpaka tulipokaa sisi.

"Mzee, nimetafuta miezi minane," alimwambia mume wangu. "Kwenye orodha ya kikosi imeandikwa fundi mwashi, mmoja. Wapima wote wawili wametangulia mbele ya haki. Vibarua siwapati. Umebaki wewe."

"Nimebaki," akasema Timazi.

"Wasuluhishi kutoka nje wamesema ramani na nguzo vimegongana, hivyo wanataka kilichomo ardhini. Bila hicho hawataamua kitu. Nao wasipoamua..." Alifunga daftari. "Mzee, majeshi yataamua. Tumebakiwa na wiki tatu."

Mume wangu alitazama kona ya dari yetu, ambayo imenyooka.

"Wanaoishi pale katikati," akauliza, "mkishinda, watafanywaje?"

"Hilo litashughulikiwa baadaye, Mzee."

Alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kile kabla ya hapo, na yule dada alishtuka akanitazama mimi kama anayeomba msaada. Sikumsaidia.

Alipoondoka tuligombana kuliko siku zote za ndoa yetu. Nilimwambia aseme amesahau. Mzee wa miaka sitini na minne akisahau si dhambi, tena huyu ambaye asubuhi hiyohiyo alitafuta miwani yake nyumba nzima na ilikuwa usoni.

"Nimesahau vyote," akasema, "ila pale. Nikifumba macho naweza kukwambia jiwe lipi lina ufa."

"Utamfukuza mwanao kwenye nyumba uliyomjengea!"

"Nisiposema watapigana, na yeye yuko katikati. Nikisema, atabaki hai anichukie."

"Na akiuliza kwa nini hukusema mapema?"

Alikwenda bafuni kunawa mikono, akanawa muda mrefu mno. Nilisimama nje ya mlango nikisikia maji, nikataka kumwambia kwamba swali lile nilikuwa naliuliza kwa ajili yangu. Sikumwambia.

Tulipelekwa kwa gari la wizara. Chini ya kilima cha mawe mawili kulikuwa na watu ambao hilo pori halijapata kuona: wasuluhishi watatu wenye kofia, maofisa wa kwetu, maofisa wa kwao, wanajeshi wasio na silaha waliosimama mbali wakiangaliana, na wanakijiji nyuma ya kamba. Binti yetu alikuwa mbele kabisa, na mumewe kando yake. Alinipungia mkono. Alidhani baba yake ameitwa kutoa ushahidi wa ile nguzo ya barabarani, kwa vile ndiyo aliyoijenga, ndivyo alivyosikia.

Timazi alipanda taratibu. Vichaka vilikuwa vimefunika kila kitu. Alisimama kati ya yale mawe mawili, akageuka kuelekea jua lilikotoka, akahesabu hatua kwa sauti. Ofisa mmoja wa kwetu alitaka mwanajeshi amsaidie kuchimba, akakataa kwa mkono. Alichimba mwenyewe, shati likaloa. Alifika magotini, udongo mwekundu. Akafika kiunoni, udongo mwekundu. Nilimwona ofisa mmoja wa kwao anaanza kutabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu pia. Niliomba akosee. Niliomba kwa moyo wote, mtu ambaye hajawahi kukosea kipimo, akosee leo.

Alipofika kifuani jembe likatoa sauti tofauti. Akaweka jembe pembeni akaanza kufukua kwa vidole. Weusi ukatokea. Ulikuwa duara kamili, mkaa mkavu uliolala kama umemwagwa jana, na katikati yake chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, nzima.

Msuluhishi mkubwa alipiga magoti ukingoni, akatazama, akaandika. Yule ofisa wa kwao aliyekuwa anatabasamu aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka:

"Fundi, kama ulijua, kwa nini ulikaa kimya miaka yote hii?"

"Niliambiwa itarekebishwa," mume wangu akajibu akiwa ndani ya shimo. "Miaka ya kwanza nilingoja wao. Iliyobaki nilikuwa mwoga tu."

Hakunitaja. Hakusema mke wangu alinikataza. Alisema alikuwa mwoga.

Maofisa wa kwetu walikuwa wanapeana mikono. Nyuma ya kamba watu walikuwa wameanza kuelewa, mmoja anamweleza mwingine, na mama mmoja mzee akakaa chini kwenye majani. Binti yetu aliinua kamba akapita. Mwanajeshi alitaka kumzuia, kisha akaona uso wake akamwacha. Alikuja mpaka ukingoni, akamtazama baba yake ambaye kichwa chake kilikuwa usawa wa magoti yake.

"Baba. Siku ile unachimba msingi wangu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Mimi nakuletea maji, nakwambia chimba popote, wewe unajua?"

"Nilijua."

Hakulia. Ningetamani angelia. Alinigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yananitafuta kama mtoto aliyeanguka anavyomtafuta mama kabla hajaamua kama ameumia.

"Mama. Na wewe ulijua?"

Mume wangu aliinua uso. Alinitazama kutoka ndani ya lile shimo, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ametoka kusema kweli mbele ya nchi mbili, na nadhani alifikiri sasa ni zamu yangu, kwamba baada ya hapo tutakuwa wawili.

"Mimi ningejulia wapi mambo ya nguzo, mwanangu?" nikasema.

Binti yetu akanikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, akaniegemea begani akasema, "Pole, Mama. Pole sana." Na juu ya bega lake nilimwona Timazi anainama, anachukua jembe, anaanza kulikwangua udongo kwa kidole gumba, polepole, upande mmoja na wa pili.

Vita havikutokea. Hilo alilipatia, na mimi sitamnyima sifa hiyo. Wasuluhishi waliandika uamuzi, wanajeshi wakarudi kambini, na nguzo mpya ikasimamishwa kilimani na fundi mwingine. Kwetu walipiga ngoma barabarani, na mume wangu akaletewa cheti chenye muhuri, ambacho hajakifungua. Lile la kushughulikiwa baadaye nalo lilishughulikiwa: nyumba zote za kijiji kile zilipigwa namba kwa rangi nyekundu, na watu wakapewa mwaka mmoja wajiandikishe kuwa wageni au waondoke. Wengi waliondoka. Mkwe wetu aliifungua mashine yake kipande kwa kipande, wakahamia mji wa kwao, chumba kimoja cha kupanga. Huko redio inasema wamedhulumiwa na sisi. Mjukuu wangu mkubwa, mwenye miaka sita, aliniambia kwenye simu kwamba akikua atakuwa mwanajeshi arudishe nyumba yao. Nilimwuliza atairudisha kutoka kwa nani. Akasema, "Kwa watu wenu, Bibi."

Wapo wengi wa rika lake waliotolewa kule. Nao hawatahitaji ramani.

Binti yetu hupiga simu kila Ijumaa, lakini kwangu mimi. Habari za baba yake hataki hata kuzisikia. Akiuliza jambo linalomhusu, husema "huyo". Mimi huzungumza naye nikiwa sebuleni, kwa sababu mtandao haushiki kwingine, na Timazi hukaa palepale kwenye kiti chake. Anasikia kila kitu. Hajawahi kunyanyuka akatoka, hajawahi kuniambia neno moja juu ya jibu nililotoa kule kilimani. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie mtoto. Mara zote mbili alikuwa anacheka, na muda mrefu ulikuwa umepita bila mimi kumsikia anacheka.

Ijumaa iliyopita aliniuliza, "Mama, uliwezaje kuishi na mtu mwenye siri kama ile, na wewe hujui?"

"Mungu anajua, mwanangu."

"Njoo ukae na sisi. Tutajibana. Yeye mwache peke yake, ndicho alichokitafuta."

Nikamwambia nitafikiria. Nilipoweka simu mezani, mume wangu aliniuliza kama wajukuu hawajambo. Nikamwambia hawajambo, wamemsalimia.